Muundi wa kondoo: Nyama ya mtoto kwanza, supu tugawane

Kila nilipokwenda Dodoma kwa dada yangu, mama alinipikia muundi wa kondoo. Mama alihamia kwa dada tangu dada ajifungue, kama mama zetu wafanyavyo: wanakuja kulea uzazi kwa miezi mitatu, wanajikuta wamemaliza mwaka.

Muundi wa mama nyumba nzima tunaujua. Unaanza kuchemka mchana na jioni harufu ya tangawizi imefika kwa jirani. Wakati wa kupakua, sahani ya kwanza ni ya shemeji, ya pili ni ya mgeni, yaani mimi. Mjukuu naye ana kibakuli chake cha bluu, na humo mama anamtilia supu, anavunjavunja ugali laini, anamlisha huku akimwambia, "Kunywa baba, upate damu."

Kwa miezi mitano nililiona jambo hili na nikalisifia. Nilimpiga mtoto picha akiwa na supu mdomoni.

Alipofika miezi 11, dada akampeleka kliniki kama kawaida. Muuguzi alimvuta kope la chini, akatazama viganja, akamwambia dada aende maabara. Majibu yakaja: kiwango cha damu 8.2. Mtoto ana upungufu wa damu.

Dada alinipigia usiku.

"Mdogo wangu, wewe si ndiye unayeandika mambo ya afya? Niambie nimekosea wapi. Huyu mtoto anakunywa supu ya muundi kila Jumatano na kila Jumapili."

Nikamuuliza swali ambalo lilipaswa kunijia miezi mitano kabla. "Na nyama yake anakula nani?"

Akanyamaza kidogo. "Baba yake. Sisi. Na wewe ukija."

Mzazi mwenzangu, leo nataka tuzungumze kuhusu muundi wa kondoo: namna ya kuuchagua buchani, namna ya kuupika mpaka ulainike, na nani apakuliwe nyama kwanza.

Supu ina nini, nyama ina nini

Wiki ile nilipanda treni ya SGR kwenda Dodoma. Mama alikuwa amenuna.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Najua umeitwa. Mimi nimekulea wewe kwa supu hii hii. Ulikufa?"

"Sikufa, mama."

"Haya. Huyu hana meno. Nyama ataitafunaje?"

Swali la mama ni la haki, na ndilo swali la bibi wengi nchini. Tutalijibu. Lakini kwanza tutazame ndani ya sufuria.

Madini chuma ya kwenye nyama, ambayo mwili huyatumia kutengenezea damu, yamo ndani ya misuli yenyewe. Ndiyo sababu nyama ni nyekundu. Unapoichemsha, kiasi kidogo huingia kwenye maji, lakini sehemu kubwa hubaki kwenye nyama. Supu inachukua chumvi, ladha, mafuta na ule utelezi unaotoka kwenye mishipa na maungio.

Utelezi huo unaitwa gelatini. Ukiiacha supu ya muundi ipoe usiku kucha, asubuhi utaikuta imeganda kama jeli. Wengi wakiona hivyo wanasema "supu ina nguvu". Ni kweli gelatini ni protini, lakini ni protini yenye pengo, kwa sababu inakosa triptofani, kimojawapo cha viambata ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Mtoto hawezi kukua kwa gelatini peke yake, wala gelatini haimpi madini chuma.

Basi mtoto wetu alikuwa anapata supu tamu ya moto, anashiba maji, analala. Nyama yenye madini chuma ilikuwa inaliwa na watu wazima waliomzunguka, mmoja wao akiwa mwandishi wa habari za afya.

Mdogo ndiye mwenye mahitaji makubwa

Kuna takwimu moja huwa nairudia kwa wazazi kwa sababu mara ya kwanza hawaiamini. Kwa viwango vinavyotumika Marekani, mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji miligramu 11 za madini chuma kwa siku. Mwanaume mtu mzima anahitaji miligramu 8.

Hujakosea kusoma. Mtoto anayebebwa mgongoni anahitaji madini chuma mengi kuliko baba yake.

Sababu ni kwamba mtoto huzaliwa na akiba aliyoipata tumboni kwa mama, na akiba hiyo humtosha takriban miezi sita ya mwanzo. Maziwa ya mama ni chakula bora na aendelee kuyanyonya mpaka miaka miwili au zaidi, lakini madini chuma yaliyomo ni machache. Akiba inapoisha, mwili wake unakua mbio, damu inaongezeka, ubongo unajengwa. Chuma hiyo lazima itoke kwenye chakula.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 ale chakula kinachotokana na wanyama, kama nyama, samaki au mayai, kila siku. Na tatizo si la nyumba ya dada yangu tu. Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu.

Niseme ukweli pia kwamba nyama peke yake haitoshi. Gramu 100 za nyama ya kondoo zina takriban miligramu 2 za madini chuma. Lakini chuma ya nyama hufyonzwa mwilini kwa urahisi kuliko ya mboga, na nyama kidogo ikiliwa pamoja na maharage au mchicha, inausaidia mwili kufyonza na ile chuma ya mboga. Vijiko viwili vya nyama kwenye kibakuli cha bluu vinafanya kazi kubwa kuliko vinavyoonekana.

Kwa nini muundi

Muundi ni ile sehemu ya mguu inayoanzia chini ya goti kushuka mpaka kwenye kifundo. Buchani wengine wanauita mguu tu, kwa hiyo ukiona muuzaji hakuelewi, mwoneshe kwa kidole. Usichanganye na kongoro, ambalo ni kwato na ngozi yake.

Kondoo anatembea kutwa nzima kwa miundi hiyo, kwa hiyo nyama yake ni ngumu na ina mishipa mingi. Ndiyo maana hulipii bei ya steki. Lakini mishipa hiyo hiyo ndiyo inayomsaidia mtoto asiye na meno. Ukiipika taratibu kwa muda mrefu, inayeyuka na kuwa gelatini, na nyuzi za nyama zilizokuwa zimefungwa pamoja zinaachana zenyewe. Steki ukiichemsha saa tatu inakauka kama kamba. Muundi ukiuchemsha saa tatu unapondeka kwa kijiko.

Hilo ndilo jibu la swali la mama. Mtoto hahitaji meno kula muundi, anahitaji mpishi mwenye subira.

Ukifika buchani

Jumamosi tulikwenda na mama mnada wa Msalato, nikajifunza kwake mengi kuliko aliyojifunza kwangu. Haya ndiyo ya kuangalia.

*Muhuri.* Nyama iliyokaguliwa na mtaalamu wa mifugo hupigwa muhuri wa wino. Muhuri huwa kwenye sehemu kubwa kama paja, si kwenye muundi, kwa hiyo uangalie kabla mnyama hajakatwakatwa. Usione aibu kuuliza. Magonjwa kama kimeta hayaonekani kwa macho ya mteja, na moto wa jikoni si kinga ya kutegemea.

*Ni kondoo kweli?* Kondoo wetu wengi wana mkia mnene wenye mafuta, mbuzi hana. Mwombe muuzaji akuoneshe. Mafuta ya kondoo ni meupe, ni magumu, na yakipoa yanaganda haraka mdomoni. Ukiuziwa mbuzi si balaa, muundi wake unapikwa vilevile, ila usilipe bei ya kitu ambacho hukupewa.

*Rangi na mguso.* Nyama iwe nyekundu iliyokolea, isiwe na weusi wala ukijani. Ikibonyezwa kwa kidole irudi. Isiteleze kama yenye ute, na isitoe harufu ya uchachu. Kondoo ana harufu yake, lakini ni harufu ya mafuta, si ya kuoza.

*Umri.* Ncha za mifupa ya kondoo mdogo zina wekundu na gegedu laini. Za kondoo mzee ni nyeupe na ngumu, na mafuta yake huelekea manjano. Kondoo mzee si mbaya, supu yake ina ladha kali zaidi. Ila jiandae kwa saa moja ya ziada jikoni.

*Mbele au nyuma.* Muundi wa nyuma una nyama nyingi kuliko wa mbele. Kama lengo ni mtoto, chukua wa nyuma. Na muuzaji asikupimie pamoja na kwato, utalipia usichokula.

*Usikubali shoka.* Hili ndilo kubwa kwa mwenye mtoto mdogo. Muuzaji akiuweka muundi juu ya gogo akaupiga shoka, mfupa unavunjika vipande vidogo vyenye ncha, na vinaingia ndani ya nyama. Mwambie akupe muundi mzima, au aukate kwa msumeno kama anao. Kama sufuria yako ni ndogo, mwambie akate kwenye maungio kwa kisu.

Tulinunua miundi minne, kilo moja na robo. Mama alisimama mbele ya muuzaji mpaka kisu kikawekwa chini.

Mapishi ya nyumbani kwetu

Mapishi haya ni ya watu wazima wanne na mtoto mmoja. Kama bajeti inatosha muundi mmoja tu, nunua mmoja. Ukipikwa na kutolewa mfupa utabaki na zaidi kidogo ya gramu 100 za nyama, na hiyo ni milo kadhaa ya mtoto.

Mahitaji:

- Miundi 4 ya kondoo
- Vitunguu maji 3
- Nyanya 4 zilizoiva
- Karoti 2 na viazi 4
- Tangawizi, kipande kama kidole gumba
- Kitunguu saumu, punje 6
- Mdalasini, kijiti 1, na pilipili manga kidogo
- Mafuta ya kupikia, vijiko 2
- Chumvi na ndimu

Namna ya kupika:

1. Punguza mafuta makubwa yaliyo nje ya nyama. Harufu ya kondoo ambayo wengine hawaipendi hukaa zaidi kwenye mafuta hayo. Kama unaosha nyama, oshea ndani ya bakuli, si chini ya bomba linaloruka, na usitumie kisu hicho hicho kukatia kachumbari kabla hujakiosha kwa sabuni.

2. Pasha kijiko kimoja cha mafuta kwenye sufuria nzito, kaanga miundi kila upande mpaka ipate rangi ya kahawia. Dakika 10 zinatosha. Rangi hiyo ndiyo itakayoipa supu ladha.

3. Tia kitunguu kimoja, tangawizi, saumu, mdalasini na pilipili manga. Mimina maji mpaka yafunike nyama. Usitie chumvi bado. Ikichemka, engua povu.

4. Punguza moto, funika. Maji yawe yanatoa vibofu vidogo vidogo, yasitokote kwa fujo. Moto mkali unaikamua nyama na kuikausha kabla mishipa haijayeyuka. Acha kwa saa mbili na nusu mpaka tatu, ukiongeza maji ya moto yakipungua.

5. Usikate tamaa kwenye saa ya kwanza. Hapo ndipo utakapouchoma muundi kwa uma na kuukuta mgumu kuliko ulipouanza, na wengi huishia hapo wakisema wameuziwa mbuzi mzee. Uache. Umeiva pale nyama inapopanda juu ya mfupa na kuvutika bila kushindana.

6. Toa sehemu ya mtoto sasa, kabla ya chumvi. Iweke pembeni kwenye bakuli safi lenye kifuniko.

7. Kwa wakubwa, kaanga vitunguu viwili vilivyobaki kwenye kijiko cha pili cha mafuta, tia nyanya na karoti mpaka rojo iwe nzito. Ingiza miundi, viazi, chumvi na pawa tatu za supu. Dakika 20 inatosha. Kamua ndimu mezani.

Najua mnachowaza: mkaa. Saa tatu za moto si kitu kidogo. Ukiwa na sufuria ya presha, dakika 45 hadi 50 tangu ianze kupiga mluzi zinatosha. Usipokuwa nayo, kuna kikapu cha kupikia, kile kilichotandikwa nguo nzito au pamba ndani. Chemsha muundi vizuri kwa dakika 40, uingize kikapuni ukiwa unatokota na sufuria ikiwa imejaa, funika sana, uache saa nne. Ukiutoa, uchemshe tena kabla ya kula. Mama alikuwa akifanya hivyo zamani kwa kutumia mablanketi.

Kuna njia za mkato pia. Papai bichi linalainisha kweli, lina kimeng'enya kinachovunja protini, ila linafanya kazi zaidi kwenye tabaka la juu. Lakini nimesikia mara nyingi pia simulizi za watu wanaotia vidonge vya paracetamol kwenye sufuria ili nyama iive haraka. Tafadhali, usijaribu hata siku moja. Paracetamol ikizidi kipimo inaua ini, na ndani ya sufuria hakuna anayejua mtoto amemeza kiasi gani.

Kibakuli cha mtoto

Osha mikono kwa sabuni. Vuta nyama kwenye mfupa kwa vidole, na uipitie yote ukipapasa kama kuna kipande cha mfupa, gegedu au mshipa mrefu uliobaki. Hapa vidole vinaona kuliko macho.

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 8, katakata nyama ndogondogo kabisa, kisha iponde kwa kijiko au kwenye kinu safi, uiloweshe kwa supu uliyoengua mafuta. Anza na kijiko kimoja au viwili vya chai, ongeza kadiri anavyozoea. Changanya na ugali laini, viazi, ndizi au wali uliopondwa.

Kwa wa miezi 9 hadi 11, nyama iliyochambuliwa nyuzi fupi fupi inatosha, vijiko viwili vya chakula. Akitimiza mwaka, anaweza kula vipande vidogo laini anavyoviokota mwenyewe. Awe amekaa wima, asile huku akitambaa, na usimwache peke yake. Mfupa usimpe aunyonye, hata akiulilia.

Uboho ni mtamu, nao una mafuta mengi. Kijiko kidogo kwenye ugali si vibaya, ila hauwezi kushika nafasi ya nyama.

Mpe tunda pia, kama papai au chungwa, kwa sababu vitamini C humsaidia kufyonza chuma ya mboga na nafaka. Chai msimpe. Nyumba nyingi zinamtilia mtoto chai ya rangi kwenye kikombe chake ili achangamke, na chai hiyo inazuia chuma isifyonzwe. Hata wewe mama unayenyonyesha, kunywa chai yako saa moja au mbili baada ya mlo.

Kuhusu kuhifadhi: chakula cha mtoto kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kwenye friji kikae siku moja au mbili. Mwenye friza anaweza kugandisha nyama iliyopondwa kwenye trei ya barafu na kutoa kipande kimoja kwa mlo mmoja. Ukipasha, ipashe mpaka itokote, kisha ipoe. Asiye na friji anunue kinachopikwa na kuisha siku hiyo.

Na siku isiyo na muundi? Dagaa waliosagwa, yai, samaki aliyetolewa miiba. Maini ni mepesi kuiva na yana chuma nyingi, lakini yana vitamini A nyingi mno pia, kwa hiyo kwa mtoto mara moja kwa wiki inatosha.

Angalizo

Upungufu wa damu una sababu nyingi: malaria, minyoo, sikoseli na nyinginezo. Ukiona mtoto amepauka viganja na ndani ya kope, anachoka, hachezi, anakula udongo, usimtibu kwa sufuria. Mpeleke kituo cha afya apimwe. Mtoto wa dada alipimwa malaria hakuwa nayo, akapewa dawa ya maji ya madini chuma, na tukaambiwa aimalize yote hata akionekana amechangamka. Chakula kinasaidia dawa, hakichukui nafasi yake.

Wakubwa wenye ugonjwa wa gauti au waliokatazwa mafuta na daktari wapunguze supu hii. Kama unaitaka sana, ilaze ipoe, asubuhi engua tabaka jeupe la mafuta lililoganda juu.

Jioni ile

Siku tuliyotoka mnadani, mama ndiye aliyepakua kama kawaida. Alishika kijiko cha nyama, akatazama sahani ya shemeji, akatazama kibakuli cha bluu. Ni vigumu kuacha mkono ulivyozoea kwa miaka 40. Alikulia nyumba ambayo baba alianza, wageni wakafuata, watoto wakapewa mchuzi, na hakuna aliyemwambia kwamba kuna ubaya.

Shemeji akamrahisishia. "Mama, mpe huyo kwanza. Mimi nipe supu na mfupa. Meno ya kuguguna ninayo."

Tulicheka wote, mama pia. Nyama ikapondwa, mtoto akaitema mara mbili, ya tatu akaimeza. Nyumba nzima ikapiga makofi kana kwamba amefunga goli.

Miezi mitatu baadaye alirudi kupimwa: 10.9. Siwezi kuwaambia kiasi gani ni dawa na kiasi gani ni muundi. Najua kwamba siku hizi mama akiulizwa na jirani, anasema supu ya muundi ni nzuri, "lakini hiyo tunakunywa sisi."

Na wewe leo ukipakua, tazama sahani ya mdogo kuliko wote hapo mezani. Kama ina mchuzi tu, chota nyama kwenye yako, iponde, umtilie.

Tukutane wiki ijayo.